Lugha Haifundishwi kwa Kipaza Sauti Kilichozimwa

Jumanne moja ya muhula uliopita nilikuwa nikifundisha kwa njia ya mtandao kozi ya stadi za mawasiliano. Kwenye skrini yangu kulikuwa na majina 83. Sikuona sura hata moja, kwa kuwa kamera zote zilikuwa zimezimwa ili kuokoa bando. Vipaza sauti navyo vilikuwa vimefungwa kwa amri yangu mwenyewe, maana katika kipindi kilichotangulia jogoo wa nyumba moja alikuwa amewika katikati ya mada. Nilizungumza kwa dakika 90 juu ya namna ya kuanzisha mazungumzo, kuyaendeleza na kuyahitimisha kwa Kiingereza. Nilipomaliza niliuliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Nikamwita mwanafunzi mmoja kwa jina, nikamtaka afungue kipaza sauti chake na kujibu.

Baada ya kitambo kipaza sauti kikafunguka, na darasa zima likasikia sauti ya mama mmoja: "Hiyo sado ya viazi bei gani?" Kijana wangu alikuwa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye meza ya shangazi yake. Simu ilikuwa mfukoni na hakujua kwamba ameifungua. Akataja bei. Mama akalalamika. Kijana akamsifu kwa kuchagua viazi vya Umalila, akamwuliza habari za wanawe, akampunguzia kidogo, akamfungia mzigo na kumtakia safari njema. Mazungumzo yalichukua dakika mbili hivi. Kisha kipaza sauti kikafungwa tena.

Nilikasirika, nami nakiri hivyo. Jioni, nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani huku Iringa, hasira ikaanza kugeuka kuwa aibu. Kijana yule alikuwa ameanzisha mazungumzo, akayaendeleza na kuyahitimisha, tena mbele ya mtu asiye na nia ya kukubaliana naye. Mimi nilikuwa nimeeleza jambo hilohilo kwa saa moja na nusu bila ya mtu yeyote kulitenda. Ikiwa kuna aliyefundisha stadi za mawasiliano siku ile, hakuwa mimi.

Naandika makala haya kwa ajili ya wanafunzi, walimu wenzangu, na watumishi wa umma wanaopanga bajeti na sera za elimu, kwa sababu naamini kosa langu ni kosa letu sote. Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukijadili madarasa ya mtandaoni kana kwamba suala ni vifaa. Tunauliza tununue programu ipi, mnara ujengwe wapi, kishikwambi kipewe nani. Hayo ni maswali ya haki, lakini yanatanguliwa na jingine: mwanafunzi wa lugha akishaingia katika darasa hilo, atafanya nini? Kama jibu ni "atasikiliza", basi tumehamisha mimbari kutoka ukumbini kwenda kwenye skrini, na darasa lenyewe tumeliacha nyuma.

Somo la historia linaweza, kwa kiasi fulani, kupokewa kwa masikio. Lugha haiwezi. Kila anayejua lugha ya pili aliijua kwa kuitumia vibaya kwanza mbele ya mtu aliyemvumilia, akaielewa nia yake, akamjibu. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwa mwanafunzi wa lugha msemo huo una uzito wa pekee, kwani kule kuuliza kwenyewe ndilo somo.

Tukumbuke tulivyoingia katika mambo haya. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule na vyuo vilifungwa. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Katika miezi ile baadhi yetu tulijifunza kwa haraka namna ya kuitisha kikao cha mtandaoni, kutuma kiungo na kupakia faili. Tulijifunza kutuma. Kupokea hatukujifunza, na dharura ilipokwisha tukabaki na mazoea ya dharura.

Hata hivyo, nchi hii haikuanza jana kufundisha watu walio mbali. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na takriban watu wazima milioni 2 walishiriki. Wanaoikumbuka hukumbuka redio, lakini redio ilikuwa sehemu moja tu. Watu walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo mafupi. Walisikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu kilichoandaliwa, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kusafisha mazingira, kulinda vyanzo vya maji. Redio haikuweza kuwasikia wasikilizaji wake. Waandaaji walilijua hilo, wakaweka mahali pa kusemezana pale kijijini, chini ya mti. Kwa chombo kisicho na njia ya kurudisha jibu, walijenga darasa shirikishi. Sisi leo tunacho chombo chenye uwezo wa kupeleka na kurudisha sauti kwa sekunde, nacho tunakitumia kama redio isiyo na kikundi.

Baada ya Jumanne ile niliamua kubadili utaratibu. Sina utafiti wa kuwaonyesha. Ninachoeleza ni uzoefu wa muhula mmoja. Niliwagawa wanafunzi 83 katika vikundi 17 vya watu wanne au watano. Kikao cha pamoja nikakipunguza kutoka dakika 90 hadi 40. Mwanzoni mwa juma natuma kazi moja fupi, na kila mwanafunzi anarekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili ndani ya kikundi chake, kisha analazimika kumjibu mwenzake mmoja kwa sauti vilevile. Ujumbe wa dakika mbili haufiki megabaiti moja, ilhali saa moja ya video inaweza kula mamia ya megabaiti. Aliyeko bondeni ambako mtandao haushiki hurekodi usiku na kutuma asubuhi akipanda kilimani.

Kazi zenyewe zilihitaji kubuniwa upya. Kazi ya zamani ilikuwa: "Eleza kanuni za kutoa maelekezo." Kazi mpya tuliitunga pamoja na mwenzangu anayefundisha Mbeya. Mwanafunzi wake anamwelekeza mwanafunzi wangu, kwa Kiingereza na kwa sauti tu, njia ya kutoka Kabwe hadi Uyole. Wangu, ambaye hajawahi kufika huko, anachora ramani kwa kufuata anachosikia, anaipiga picha na kuirudisha. Ramani ikikosea, wote wawili wanajua kwamba kuna neno lililopotea njiani, nao wanalitafuta. Juma linalofuata zamu inageuka, wa Iringa anaelekeza kutoka katikati ya mji hadi jiwe la Gangilonga. Ramani ndiyo inayosahihisha, wala hakuna haja ya mimi kushika kalamu nyekundu. Kati ya miji hii miwili kuna zaidi ya kilometa 300 za barabara kuu, kupitia Mafinga na Makambako. Bila ya mtandao vijana hao wasingezungumza kamwe, na bila ya kazi ya namna hiyo mtandao ungewakutanisha tu ili wanyamaze pamoja.

Jambo lililonishangaza zaidi lilihusu aibu. Mtoto wetu anamaliza darasa la saba akiwa amefundishwa kwa Kiswahili, na Januari inayofuata anaingia kidato cha kwanza anakofundishwa kwa Kiingereza. Wengi wa wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini wana lugha nyingine iliyotangulia zote mbili: Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, Kihehe, Kibena. Wapo waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani shuleni. Wapo waliochekwa na darasa zima kwa sababu matamshi yao ya Kiingereza yalibeba lafudhi ya kwao. Mtu wa namna hiyo anapofika chuo kikuu amekwisha kujifunza somo moja kwa ukamilifu, nalo ni kukaa kimya.

Katika kikundi kimoja alikuwamo binti kutoka Kilolo ambaye kwa mihula miwili sikuwahi kusikia sauti yake ukumbini. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa sekunde 20. Baadaye alinieleza kwamba aliurekodi mara 11 kabla ya kuutuma. Nilipohesabu, nikaona kwamba amezungumza Kiingereza mara 11 kwa siku moja, bila ya mtu kumcheka. Kufikia juma la nane alikuwa akizungumza dakika mbili kamili na kumkosoa mwenzake kwa upole. Sisemi kwamba simu ilimponya. Ilimpa chumba cha kukosea bila ya hadhara. Baadaye tulimleta mbele ya kikundi, kisha mbele ya darasa, kwa maana chumba hicho kisipokuwa na mlango kitageuka kuwa maficho mapya.

Sitaki kuficha matatizo. Kusikiliza ujumbe 83 wa dakika mbili ni karibu saa tatu kwa juma, nami nina kozi nyingine. Nikalazimika kusikiliza vikundi sita kwa juma, hivyo kila kikundi nakifikia mara moja katika majuma matatu. Wapo waliowasomesha wadogo zao badala ya kusema wenyewe. Wapo waliotafsiri kwa programu ya kompyuta na kusoma matokeo kama wanaosoma taarifa ya habari. Hao walijulikana mara moja pale mwenzao alipowauliza swali la papo kwa papo, jambo ambalo insha iliyochapwa haiwezi kulifichua. Siku hizi mashine huandika insha safi kwa dakika moja, na mazungumzo kati ya watu wawili yamebaki kuwa mojawapo ya mitihani michache ya lugha inayoweza kuaminika.

Na hapa naja kwenye watunga sera. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kalamu na karatasi. Hakuna anayemtaka mtahiniwa afungue kinywa. Mwalimu wa Rungwe au Mufindi mwenye wanafunzi 70 darasani anajua kwamba hatahukumiwa kwa idadi ya vijana wanaoweza kuzungumza, bali kwa alama za karatasi ile. Kumwambia afundishe kwa mazungumzo, iwe mtandaoni au chini ya mwembe, ni kumwomba afanye kazi ya ziada isiyohesabiwa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kishikwambi mikononi mwa mwalimu ambaye hapimwi kwa sauti za wanafunzi wake kitakuwa daftari ghali la maandalio ya somo.

Kuna hoja nyingine, nayo inahusu mkate. Kiswahili kimepanda hadhi kwa kasi. SADC ilikikubali kuwa lugha rasmi Agosti 2019. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi Februari 2022, na mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda likakipitisha kuwa lugha rasmi nchini humo. Kinafundishwa London, Leipzig, Bayreuth, Seoul na Beijing. Kila Julai tunasimama majukwaani na kusema kwamba Kiswahili ni bidhaa. Nakubali. Swali langu ni: nani muuzaji?

Hapa Iringa na Mbeya nawafahamu wahitimu wenye shahada za Kiswahili wanaoendesha bodaboda. Sidharau bodaboda, inalisha familia. Lakini mahali fulani duniani kuna muuguzi, mtafiti au mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa ughaibuni, ambaye yuko tayari kulipia saa moja ya mazungumzo ya Kiswahili kupitia mtandao. Mhitimu wetu anapompata mwanafunzi wa namna hiyo, mara nyingi humpoteza baada ya vipindi viwili. Nimewahi kuketi kando ya mmoja wao nikimwangalia akifundisha. Alianza na ngeli. Akazieleza vizuri, kama alivyoelezwa na sisi wahadhiri wake. Mwanafunzi, mtu mzima aliyekuwa na safari ya kuja Tanzania baada ya miezi miwili, aliandika yote kwa utiifu. Mwisho wa saa akauliza kwa Kiingereza: atamwamkiaje mama mkwe wake? Muda ulikuwa umekwisha.

Yule mhitimu anaijua lugha yake. Sisi ndio tuliomnyima ujuzi wa kuifundisha kwa kusemezana, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa hivyo hata siku moja. Kuwa mzawa wa lugha hakumfanyi mtu kuwa mwalimu wake. Kama kijana huyo angekuwa amezoea kazi za ramani na ujumbe wa sauti akiwa mwanafunzi, angeanza na "shikamoo mama", akaeleza ni nani anayeamkiwa hivyo na ni nani anayeitikia "marahaba", na ngeli zingeingia mlangoni pole pole kama wageni wenye adabu. Kwa hiyo darasa shirikishi la leo ni karakana ya walimu wa kesho, na tunapolinyamazisha tunapoteza zaidi ya kipindi kimoja.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni anasa ya mijini. Bando ni ghali, umeme hukatika, na wanafunzi wengi hawana simu janja. Hoja hiyo ni nzito, wala sitaipuuza. Aprili 2021 viwango vipya vya bando viliibua kilio kikubwa hadi vikasitishwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na nchi ikabaki na mtandao wa kusuasua. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Nyaya za baharini zikikatika tunaweza kuilaumu bahari. Intaneti inapozimwa kwa uamuzi wa watu, mwanafunzi wa Seoul anayemsubiri mwalimu wake wa Mbeya hajui lolote kuhusu siasa zetu. Anajua tu kwamba mwalimu hakutokea, na juma linalofuata atamtafuta wa nchi nyingine. Serikali inayotaka lugha yake iuzwe kwa njia ya mtandao haina budi kuutendea mtandao huo kama inavyoitendea barabara kuu ya kwenda Zambia: njia ya riziki za watu, isiyofungwa hivihivi.

Lakini hoja ya umaskini inathibitisha ninachokisema. Darasa la video la dakika 90 ndilo anasa. Ujumbe wa sauti, kikundi cha watu watano wanaochangia simu mbili, kazi inayoweza kufanywa pasipo mtandao na kutumwa baadaye: hizo ndizo mbinu za mtu asiye na kitu. Mtu ni Afya ilifanikiwa katika nchi iliyokuwa na redio chache kwa sababu kikundi kizima kilisikiliza redio moja. Na pale ambapo hata simu moja haipo, walimu wakutanishe vikundi uso kwa uso na kuwapa kazi zilezile za ramani. Mbinu hiyo haidai umeme.

Napendekeza mambo manne, nayo yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, sehemu ya mazungumzo iingizwe katika upimaji wa lugha, hata kwa kuanzia na alama chache zinazotolewa shuleni. Pili, kila mafunzo ya walimu kuhusu vifaa yaambatane na mafunzo ya kubuni kazi za kusemezana, na vyuo vyetu vinavyoandaa walimu, kikiwamo Mkwawa hapa Iringa, vianze na wanafunzi vilivyo nao sasa. Tatu, kampuni za simu zishawishiwe kuziacha tovuti za elimu zifunguke bila ya kukata bando. Nne, saa ambazo mhadhiri anatumia kusikiliza sauti za wanafunzi zihesabiwe kuwa saa za kufundisha, kama zinavyohesabiwa zile anazotumia kusikika.

Kwa wanafunzi nina ombi moja. Mhadhiri akizungumza dakika 90 bila ya kuwapa nafasi, mwombeni nafasi hiyo kwa heshima. Tumezoea kuzungumza, na mara nyingine hatujui kwamba tumewazima.

Kijana wa Mwanjelwa aliniandikia usiku uleule kuomba radhi. Nilimjibu kwamba nitampa adhabu. Kipindi kilichofuata nilimtaka awaeleze wenzake, kwa Kiingereza, namna ya kumuuzia viazi mteja anayelalamikia bei. Alisitasita, akatafuta maneno, mara mbili akakwama na kuazima la Kiswahili. Nilikuwa nimewafungulia wote vipaza sauti. Walimcheka, wakamsaidia maneno yaliyomkwama, na mmoja akajifanya mteja na kukataa bei mara tatu. Nyuma ya sauti zao jogoo aliwika tena. Safari hii nilimwacha.